Nizime Nini?

Feni ya sebuleni ilikuwa na mlio wake, na watu wa nyumba ile waliuzoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha baba yake. Kwii, kwii, tak. Kwii, kwii, tak. Wageni waliinua macho darini wakihofia isije ikawashukia utosini, na Mama, akiwa ameinamia cherehani yake na pini midomoni, aliwatuliza: "Kaeni tu. Hizo kelele za bure, haijawahi kumdhuru mtu."

Basi jioni moja binti wa nyumba hiyo alichomoa iafoni masikioni, akazilaza kwenye kijaluba chake cheusi, akakifunga, kisha akasubiri ule mlio umrudie. Haukurudi. Akatazama juu. Feni inazunguka. Pazia linapepea. Upepo anausikia shingoni. Mlio, hakuna.

"Kaka," aliita, "feni umeitia mafuta?"

"Mimi na ngazi tuligombana zamani," kaka yake alijibu kutoka chumbani. "Kwani inasemaje?"

"Haisemi."

"Basi shukuru Mungu, uiache."

Hilo la kuiacha ndilo lililomshinda. Nyumbani walimwita Wakili, maana tangu meno ya utoto hajawahi kukubali jambo kabla ya kulipinga. Akaburuta kiti, akapanda, akasogeza sikio mpaka nywele zikapeperuka. Alisikia magari ya mtaani. Alisikia cherehani ya Mama chumba cha pili. Feni ilikuwa bubu. Na pale juu palikuwa na harufu nyembamba ya waya ulioungua, ingawa alipoizima na kuishika mota yake, ilikuwa ya baridi kama mtungi.

Wakili alikuwa mpimaji katika duka la vifaa vya simu. Tajiri wake hakuuza maneno ya kwenye boksi. Kila kitu kilipita kwanza kwa Wakili, akakae nacho nyumbani, akitumie mpaka kimuudhi, ndipo arekodi maelezo ya kuwatumia wateja. Safari hii swali lilikuwa moja tu, lile ambalo wateja walimchosha nalo Tajiri kutwa nzima: iafoni za kuzima kelele za bei chee na zile za bei ya kufumba macho, tofauti yake hasa ni nini, au ndiyo mnatuibia kwa adabu?

Za bei chee zilikuwa nyeupe, nyepesi kama ganda la yai, na zikivuma masikioni kama nyuki waliofungiwa koponi. Ukipiga mwayo zinadondoka. Zile za ghali zilikuwa nyeusi, nzito, baridi. Boksi lake lilikuwa limeshafunguliwa.

"Mteja alizirudisha," Tajiri alimwambia. "Aliziweka hapo mezani akaondoka. Nikamwita achukue pesa zake, wala hakugeuka."

"Mteja gani anarudisha kitu cha ghali halafu hataki chake?"

"Labda hakunisikia," Tajiri alisema, wakacheka wote wawili.

Alipozivaa mara ya kwanza, sauti tulivu, si ya kiume si ya kike, ilimuuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: *Nizime nini?* Wakili alishangaa kidogo, maana vifaa vingi vya dukani vikijaribu Kiswahili huongea kama mgeni anayesoma kibao cha barabarani. Hiki kiliongea kama mtu wa mtaani. Lakini akajiambia, ndiyo utamu wa ghali huo, unachagua mwenyewe kelele ya kuondoa. Akajibu, "Feni." Feni ikazimika. Kesho yake iliuliza tena, akajibu, "Jenereta la kinyozi." Akajipongeza kwa kugundua sifa ambayo hata kwenye boksi haikuandikwa. Kosa hilo mtu wa kawaida asingelifanya. Angeogopa. Ila mpimaji akikutana na muujiza, huuweka kwenye safu ya ubora.

Umeme ulipokatika mchana, kinyozi wa jirani alivuta kamba ya jenereta lake. Likatikisika, likatoa moshi, wala halikutoa sauti. Akavuta tena, na tena, mpaka jasho likamtiririka, ndipo alipotambua kwamba taa za kibandani kwake zinawaka.

"Limekuwa kama mke wangu tukikosana," kinyozi aliwaambia majirani waliokusanyika. "Kazi linafanya, kusema halisemi."

"Na wewe muulize umemkosea nini," Mama alimjibu kutoka dirishani, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Hicho ndicho kicheko cha mwisho ambacho Mama aliwachekesha watu kabla ya mambo kuharibika. Wakili peke yake hakucheka. Alikuwa ametazama ule moshi, na ile harufu ya waya imemfikia tena.

Sasa, ya nyumba ile yanahitaji kuelezwa, kwa sababu jini haliingii mahali pasipo na mlango. Baba yao alishafariki, na nyumba ilikuwa chini ya ukoo. Kaka, mtoto wa kwanza, ambaye kila mtu alimwita Mpole kwa namna alivyoongea taratibu na kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa, alitaka ivunjwe, kiwanja apewe mtu wa kujenga fremu za maduka, Mama ahamie chumba cha uani kwa shangazi. Mama alikataa. Alikataa asubuhi akimwaga chai, alikataa jioni akikunja vitambaa, alikataa huku anakanyaga cherehani: "Mimi sitoki hapa, Mpole mwanangu. Mguu huu umekanyaga cherehani hii mpaka kuta hizi zikasimama. Sitoki." Mpole hakuwahi kumjibu vibaya. Alitabasamu tu.

Jambo lilikuwa liamuliwe Jumamosi, kwenye kikao cha ukoo. Na ukoo ule ulikuwa na sheria yake, ya tangu babu: mhusika huulizwa mara tatu kwa sauti, naye hujibu kwa sauti. Anayenyamaza mara zote tatu amekubali. Karatasi haihesabiwi, kwa kuwa zamani mtu alighushi; ishara haihesabiwi, kwa kuwa mwenyekiti wa kikao, Baba Mkubwa, mstaafu wa reli, macho yalishamzimika. "Mimi naona kwa masikio," alikuwa akisema. "Asiyetamka, kwangu hayupo."

Asubuhi ya katikati ya wiki Wakili alitoka chumbani, akamkuta Mama kwenye cherehani, anaongea. Midomo inakwenda, mkono unaonyesha dirisha, nyusi zimepanda kama kawaida yake akisimulia ya majirani. Sauti hakuna. Wakili alipeleka mikono masikioni ili atoe iafoni. Vidole vikagusa ngozi. Hakuwa amevaa kitu.

Cherehani ilisikika, tena vizuri. Mkasi ulisikika Mama alipouweka mezani. Nje muuza mkaa alisikika. Mama ndiye hakusikika.

"Mama," alisema polepole, "sauti yako haitoki."

Mama akamkazia macho, akacheka, kicheko kisicho na mlio kikamtikisa mabega, akamnyooshea kidole sikioni, yaani: wewe na vidude vyako. Mwenyewe alijisikia sawasawa. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Akaja mteja kuulizia gauni lake, Mama akamjibu kwa maneno mengi na tabasamu, mteja akauliza tena, Mama akajibu tena, mteja akabenua midomo: "Ah, kumbe siku hizi tunanuniwa?" Akaondoka. Mama akabaki ameshika gauni la watu. Aliangalia mlango, akamwangalia binti yake, na Wakili aliona namna uso wa mtu mzima unavyoanguka anapodhani kwamba nyumba nzima na mtaa mzima wamekubaliana kumpuuza.

Wakili alikimbilia chumbani. Hakutaka kuzigusa zile nyeusi. Akachukua zile nyeupe za bei chee, akazisokomeza masikioni, ilimradi asikie kitu kingine, hata kama ni nyuki wa koponi. Nyuki wakaanza kuvuma. Na ndani ya mvumo huo, mbali, kama mtu anayeongea chini ya blanketi, akamsikia Mama:

"...kama mmenichoka si mseme tu, wanangu, kuliko kunitazama kama jiwe."

Akasimama palepale. Akachomoa moja. Kimya. Akairudisha. "...nimewakosea nini mimi..."

Wakili alikuwa na akili ya kutenganisha hoja, na siku ile ilimfaa. Kuzima kelele, alivyowaeleza wateja siku zote, si kuziba sikio. Kifaa kinasikiliza sauti ya nje, kisha kinatengeneza kinyume chake. Sauti na kinyume chake vikikutana, vinauana, unabaki ukimya. Basi kuna kitu hapa nyumbani kinamsikiliza Mama neno kwa neno, na kila neno kinalipiga kinyume kabla halijamfikia mtu. Na hizi za bei chee, kwa ujinga wake, hazijui kuchagua, zinapinga chochote. Zilikuwa zinampinga mpinzani. Ya ghali inazima vizuri. Ya rahisi inazima vibaya, na kwa ubaya wake ndipo Mama alipopenyea.

Alimkumbatia Mama, akamweleza, na akamweleza tena, mpaka Mama akaamini. Mama akashika koo kwa mikono miwili. Katika iafoni Wakili alisikia swali moja: "Na Jumamosi?"

Mganga aliyependekezwa na kinyozi alikuwa mwanamke wa makamo aliyepangisha chumba nyuma ya saluni, na ilibidi aongee kwa kushindana na mashine za kukaushia nywele. Wakili alikiweka kijaluba mezani kwake. Mganga hakukigusa. Alikisogezea pua tu, akarudi nyuma.

"Waya ulioungua," alisema.

"Unaweza kulitoa?"

"Binti yangu, mimi natoa kilichoingia bila hodi. Hiki kiliuliza. Kiliuliza, hakikuuliza?"

"Kiliuliza nizime nini."

"Mkajibu." Mganga alitikisa kichwa. "Jini la namna hii haliibi. Linapewa. Ndiyo maana hata moshi wangu hautalifukuza, litaniambia lina ruhusa. Linakaa kwa sheria ya nyumba iliyolikaribisha, si kwa sheria yangu. Wewe ulijibu nini?"

"Feni. Na jenereta."

"Basi yupo aliyejibu 'Mama'. Mtafute, walau ujue unalala na nani."

Njiani Wakili hakuhitaji kufikiri sana, au ndivyo alivyodhani. Ndani ya nyumba walikuwa wanne. Alimtoa Mama, akajitoa yeye, Kaka kwa upole wake hata hakumdhania, akabaki na wifi yake, mke wa Kaka. Wifi alikuwa na mdomo. Wifi aliwahi kusema Mama anaongea kama redio iliyokosa swichi. Tena siku mbili zilizopita alimwona Wifi na kijaluba mkononi. Alimkuta jikoni anachambua mchele, akamfungia mlango.

"Wifi, ulivaa iafoni zangu nyeusi."

"Nilizivaa. Nishtaki."

"Zikakuuliza kitu?"

Wifi aliacha kuchambua. Sauti yake ikashuka. "Ziliniuliza nizime nini. Nikajua ndivyo zilivyo."

"Ukajibu nini? Niambie ukweli. Ulimtaja Mama."

Machoni mwa Wifi ghadhabu ilipanda taratibu kama maziwa jikoni. "Ndiyo ilivyo, eh? Nyumba ikipata ufa, kosa la mke. Nilisema 'mbu'. Mbu, Wakili. Na tangu siku hiyo naumwa bila taarifa." Akapandisha mkono wa gauni. Mkono ulikuwa na vipele bega mpaka kiwiko. "Mama yako anaongea sana, nimesema, nitasema tena. Lakini aliponiuguza nilipopoteza mimba, ni yale maneno yake yaliyonishikilia nisizame. Nimnyamazishe mimi?"

Wakili aliona aibu. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Wanawake wawili hao wakabaki wanatazamana, na kila mmoja aliona mwenzake anafanya hesabu ileile na hataki jibu lake.

"Alizivaa juzi akinyoa ndevu," Wifi alisema hatimaye, kwa mnong'ono, akitazama mlango. "Nilikuwa natandika. Nikamsikia anasema, 'Mama.' Kisha kama aliyeulizwa tena, akasema, 'Mama tu. Wengine waache.' Nilidhani yuko kwenye simu."

Mpole alirudi jua likizama. Wakili alimsubiri kibarazani.

"Kaka, unajua Mama hasikiki."

"Nimeona anaumwa, maskini," Mpole alisema, akivua viatu. "Nitamtafutia daktari baada ya kikao."

"Baada."

"Baada."

"Kaka, uliliambia nini lile dude?"

Alimwekea mkono begani, na alipozungumza alizungumza kwa upole uleule ambao walezi wote wa ukoo walimsifia tangu mdogo. "Wakili. Sikiliza nyumba ilivyotulia. Hata wewe, kweli kabisa, hujapumzika kidogo?"

Kisha akaingia ndani, na nyayo zake zilipopita sakafuni hazikusikika, wala mlango alioufunga haukusikika, na Wakili, aliyekuwa ameshajifunza kuhesabu sauti za nyumba kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya moto, aligundua kuwa bomba la uani lililokuwa likidondoka halidondoki tena kwa sauti, kwamba majani ya mti wa jirani yanatikisika kimya, kwamba kile kitu kilichoombwa kitu kimoja kilikuwa kimeanza kujichukulia kingine bila kuuliza, na harufu ya waya ilikuwa imekaa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye nywele za Wifi, hata kwenye maji ya kunywa.

Jumamosi walikuja. Wajomba, mashangazi, binamu, wakajaza sebule na mabenchi ya kuazima. Baba Mkubwa alikalishwa chini ya feni bubu, fimbo katikati ya magoti. Mama alikaa mbele yake, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, mikono imetulia mapajani. Mpole alisimama na kueleza, kwa heshima, kwamba mama yao si mzima. Kwamba amepotewa na sauti na fahamu pia. Kwamba anatingisha kichwa ovyo hata akila, kwa hiyo wazee wasije wakadhani ni jibu. Watu waliguna kwa huruma. Mtu akipanga uongo kwa adabu namna hiyo, wa kumpinga ataonekana yeye ndiye hana adabu.

"Shemeji," Baba Mkubwa alianza, "unakubali nyumba hii ivunjwe, ukakae kwa shangazi yao?"

Midomo ya Mama ikatamka. Kimya.

"Nauliza mara ya pili. Unakubali?"

Kimya. Mishipa ya shingo ya Mama ilikuwa imetoka.

"Baba Mkubwa, subiri," Wakili alisema, akasimama.

"Mtoto wa kike, kikao kina utaratibu."

"Utaratibu unasema umsikie. Mimi nakuomba umsikie tu. Nipe sikio lako."

"Anataka kuleta michezo ya dukani kwao," Mpole alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ncha.

"Kama ni mchezo, utakuogopesha nini?" Wifi alimuuliza mumewe mbele ya watu.

Baba Mkubwa aligeuza uso wake upande wa ile sauti ya Wifi, kisha upande wa Mpole, akasikiliza pumzi za wote wawili. Akainamisha kichwa. Wakili akampachika iafoni moja nyeupe, ile hafifu, ya bei chee. Mzee akakunja uso kwa mvumo wake.

"Nauliza mara ya tatu, shemeji. Unakubali?"

Wakili hakuwa na haja ya kusikia. Aliona mkono wa mzee ukikaza juu ya fimbo.

"Amesema hakubali," Baba Mkubwa alisema. "Amesema amekuwa akisema hakubali wakati sisi tumekaa hapa tunamwangalia." Akaichomoa, akampa mjomba aliyekuwa karibu. Ikapita sikio hadi sikio, na kila aliyeivaa alimtazama Mama kama aliyemfumania mtu akizikwa hai. "Nyumba haivunjwi. Limekwisha. Sasa nani ataniambia hiki ni kitu gani?"

Wakili akakiweka kijaluba cheusi sakafuni, katikati. Mganga alisema linakaa kwa sheria ya nyumba. Basi alijua la kufanya.

"Wewe uliyemo humu," alisema, "unaulizwa na kikao. Unakubali kurudisha sauti ya Mama na zote ulizochukua, na kutoka katika kijaluba hiki?"

Hakuna jibu.

"Mara ya pili. Unakubali?"

Ukimya ukaanza kukua. Kwanza ukala mtaa, magari na watoto na muziki wa kibanda cha kinyozi, kisha ukaingia dirishani ukala mabenchi yaliyokuwa yakilia kwa uzito wa watu, ukala kukohoa, ukala pumzi, mpaka kila mtu akashika kifua chake kuhakikisha kama moyo bado unadunda kwa kuwa ule mdundo wa ndani, ambao mtu hausikii mpaka siku unapoondoka, ulikuwa umeondoka, na harufu ya waya ikawa nzito hadi macho yakatoka machozi, na Wakili alijua kwamba kitu hicho kilikuwa kinapambana kwa nguvu zake zote kutafuta njia ya kusema hapana, nacho hakina, kwa kuwa hapana ni sauti, na chenyewe kimeumbwa kwa kinyume cha sauti, na kadiri kilivyozidi kukataa ndivyo kilivyozidi kunyamaza.

Akauliza mara ya tatu. Hakujisikia. Alihisi tu maneno yakipita kooni.

Baba Mkubwa, kipofu, ambaye kwake dunia nzima ilikuwa imezimika, aliinua fimbo na kuipiga sakafuni. Hakuna kilichosikika. Lakini wote walijua ile fimbo maana yake nini: amenyamaza mara tatu. Amekubali.

Kwii, kwii, tak.

Vikarudi vyote kwa mpigo. Feni, magari, bomba la uani, jenereta la kinyozi likinguruma na kinyozi mwenyewe akipiga yowe. Wifi alijipiga kofi mkononi. "Huyo," alisema, huku analia. Kijaluba kilikuwa kimepasuka kati, na ndani mlikuwa na jivu jepesi.

"Wanangu," alisema Mama.

Sauti yake ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa yake. Mashangazi wakaanza kulia. Yeye hakulia. Alimgeukia mtoto wake wa kwanza.

"Mpole. Mimi nakuuliza mbele ya watu. Ulitaka ninyamaze?"

Mpole alikuwa ukutani. Midomo yake ilicheza.

"Mara ya pili, mwanangu. Ulitaka?"

Midomo ikacheza kwa haraka zaidi, mikono ikapanda hewani, jasho likamtoka, mishipa ya shingo ikasimama kama ya mama yake muda mfupi tu uliopita. Wakili akaelewa. Alikuwa amelitaka jini litoke katika kijaluba. Hakutaja liende wapi.

"Mara ya tatu," Mama alisema. "Ulitaka ninyamaze?"

Iafoni nyeupe ilikuwa imemrudia Wakili, ameifumbata. Hakunyoosha mkono. Acha aonje, alijiambia, acha ajue. Ni Mama aliyemshika kiganja, akamfungua kidole kimoja kimoja bila kumkaripia, akaichukua iafoni, akaitia sikioni mwake, akamsogelea mwanawe mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Alichokisikia hakukisema siku hiyo wala hajakisema hadi leo. Uso wake haukubadilika. Alipomaliza aliichomoa, akaifuta kwa pindo la gauni, akaiweka mezani kwenye mkasi na pini.

"Anasemaje?" Baba Mkubwa aliuliza. "Shemeji? Amejibu?"

Mpole alikuwa amemshika mama yake mkono wa nguo, anatikisa kichwa, midomo inakwenda, inakwenda.

"Hajasema kitu," Mama alijibu.